Sindano Alizozikanyaga Deo

Dada Skola,

Nilimpiga mumeo. Pale pale makaburini, udongo wako ukiwa bado mbichi, nilinyakua mpini wa jembe nikamshushia Deo begani, na alipogeuka nikampa mwingine wa mdomo. Nilipiga kelele, "Muulizeni sindano ziko wapi!" Kijiji kizima cha Ilemba kilisikia.

Kliniki walikuambia mimba imekuletea sukari, na kwa mwili wetu huu mnene, mwili wa mama, usifanye mchezo. Ugali kidogo, soda basi, sindano ya kushusha sukari kila siku. Ukatii. Ukawa unamega ugali wa ulezi kiasi cha ngumi, sahani inajaa mboga. Deo akaona unamwaibisha.

"Watu watasema sikulishi! Mke wangu akonde na mimba tumboni?"

Akakukamata kisogo, akakushindilia matonge. Ulipolia, akakupasua mdomo kwa sahani ya bati. Sindano akazimwaga chini na kuzikanyaga kwa buti. Ulinisimulia kwenye simu, unanong'ona, halafu ukasema, "Usije, Neema. Utaniharibia ndoa."

Nilikuja uchungu ulipokushika. Sukari ilikuwa imemkuza mtoto mno. Kichwa kilitoka, mabega yakakwama. Nesi mmoja alikukunja miguu hadi kifuani, mwenzake akakandamiza chini ya tumbo, mkunga akavuta. Uling'ata mkono wangu hadi damu. Nilisikia mfupa wa mtoto ukilia, ko! Akatoka, akalia. Halafu damu yako, dada. Damu haikukubali kukatika. Gari la kukukimbiza hospitali ya mkoa lilipanda mlima kona baada ya kona, nami nakuzaba makofi usilale. Ulikufa kabla hatujaiona Sumbawanga.

Mwanao ninaye. Tunamwita Festo. Mkono wa kushoto haupandi vizuri, lakini kwa ule wa kulia ananichapa vibao nikimnyima mwiko.

Nami nilishika mimba, Skola. Wakapima, sukari ile ile. Niliporudi nyumbani, mume wangu, Osward, alinipakulia mlima wa ugali. "Kula, mama. Mnakula wawili." Nikairusha sahani ukutani. Akasimama, mkono juu. Nikamwambia, "Nipige. Nipige kama Deo, tuone nani atabaki na macho." Akaushusha. Akakaa. Akaanza kuokota vipande. Asubuhi tulikwenda wote kliniki, akamuuliza nesi maswali hadi nikaona haya. Tangu hapo sindano akawa ananichoma yeye, na jioni tukawa tunatembea kwa miguu, upepo wa huku ukitukata masikio.

Walinipasua wiki iliyopita. Msichana. Sukari yake ilishuka alipozaliwa, wakamwahi kwa maziwa. Yu mzima. Tumemwita Skola.

Deo alikuja kumdai Festo. Nilitoka na kidonda changu cha tumbo, panga mkononi. Aliutazama ule mkono wa kushoto wa Festo, akaondoka. Padri anasema nimsamehe. Siwezi. Nikimwota, nampiga tena.

Basi, dada yangu, pumzika. Wamesema nirudi kupima, maana sukari hii huondoka na mimba lakini huweza kurudi yenyewe. Nitakwenda, kila watakaponiita. Wewe mwanao hakukuzika, alikuwa kwenye kanga. Mimi atanizika, nakuahidi, nikiwa kibibi kisicho na jino hata moja.

Mdogo wako,
Neema