Maziwa ya Huzuni

Goma, Jumamosi, siku ya posho, mwezi wa kumi

Mama,

Nimekaa kukuandikia, nimeinuka, nimekaa tena. Masika amelala kwenye kitanda chako, na kila akivuta pumzi kwa nguvu naenda kumgusa utosi kwa kidole kuona kama umebonyea. Sasa haujabonyea. Basi naandika kidogo, halafu nitarudi kumwangalia.

Mjukuu wako ameugua tumbo. Alianza kutapika baada tu ya misa ya kuondoa matanga yako, kisha akaanza kuhara, maji matupu, hadi macho yakaingia ndani. Yule uliyemwita gunia la kutoka Kiwanja, ukisema maharagi yako yote ya sokoni hayana uzito wake, nilimfunga mgongoni nikahisi kama nimefunga kitenge kitupu.

Mama Mukubwa, dada yako, hajaondoka hapa tangu tukuzike. Anapika, ananisukuma nioge, anajibu wageni kwa niaba yangu. Alipoona vitambaa vya mtoto aliketi, akaniambia: "Kavira, ile maziwa yako iko na huzuni. Unalia, inashuka, mutoto anakunywa kilio. Umukatishe ziwa."

Wewe unajua kwamba kwetu neno hilo si mzaha. Wewe mwenyewe ulimwambia jirani yetu hivyo hivyo alipofiwa na mume. Kisha Mama Mukubwa akachemsha majani, akachukua ule mpira wako mwekundu wa kusafishia tumbo. Ulitusafisha sote nao, tukikimbia kuzunguka nyumba na wewe ukicheka nyuma yetu: "Leteni matako, Serikali imefika." Nimecheka sasa hivi nikiandika, halafu nikaogopa kwamba nimemwamsha.

Siku ile sikucheka. Niliogopa kumpa ziwa, niliogopa kumnyima. Masika aliliangalia ziwa langu na mimi nikawa namgeuzia mgongo. Maji ya majani yalipoanza kupoa, nilimbeba nikapanda pikipiki hadi kituo cha afya, bila kuaga.

Muuguzi aliyetupokea ni mama mnene mwenye sauti ndogo. Alianza kumpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, pole pole, akaniuliza kwa nini matiti yangu yamejaa hivyo. Nikamweleza. Hakunicheka wala hakumsema vibaya dada yako. Alisema huzuni inaweza kuchelewesha maziwa kushuka, lakini haiwezi kuyageuza sumu.

Akaniambia kwamba ukuta wa utumbo ni mwembamba sana, na juu yake kuna ute kama wa bamia, ambamo vidudu hunaswa kabla ya kuufikia ukuta. Nyuma ya ukuta wanakaa askari wengi kuliko mahali pengine popote mwilini, kwa sababu kila kitu tunachokula na kunywa kinapita hapo. Kazi yao ngumu ni kubagua: haya ni maharagi, yaache, hiki ni kirusi, kishike, hii ni sumu, ifunge isigandamane na ukuta. Hata kuhara ni mwili unaomsukuma adui nje, ila unasukuma na maji na chumvi pamoja naye, na hapo ndipo watoto wanapotutoka. Ule mpira wa majani ungemwosha ute na kumchoma ukuta, wakati askari wa Masika bado ni wanafunzi.

Nikamuuliza wanafunzi hao wanafundishwa na nani.

"Ni wewe, mama," akasema. "Tumbo yako inajua vidudu vya nyumba yenu. Vitu vya kupiganisha vidudu hivyo vinatoka kule, vinapanda mpaka ku ziwa, vinaenda kulinda matumbo ya mutoto."

Mama, tumbo langu limevijulia wapi vidudu vya nyumba yetu kama si kwenye sahani yako? Tulikula pamoja kwenye ile ya bati, fufu na vile visamaki vya sambaza. Ulikuwa unamega tonge la moto, unalipuliza, unang'ata ncha kuonja kama limepoa, ndipo unanipa. Nilikuwa nachukia kuona alama ya meno yako. Sijui kama muuguzi angekubali nikilisema hivi, lakini nilipokuwa pale kwenye benchi nilihisi kwamba kitu fulani chako kilikuwa ndani yangu kikisubiri kupewa mtoto.

Nikampa ziwa. Nililia. Machozi yalimdondokea shavuni, naye akaendelea kunyonya kama mtu mwenye shughuli zake.

Mama Mukubwa alikuwa mlangoni tuliporudi. Nilimweleza yote. Akasema nikimzika mtoto nisimwite. Masika alipolia kiu nikatoa maji ya muuguzi na kijiko, na dada yako akasogea, akauliza bila kuniangalia, "Na mie, niko naweza kumushikia kijiko?" Tangu hapo hajakiachia. Anamhesabia vijiko kwa Kinande chetu, kama nyimbo.

Mpira wako nimeuweka pamoja na vitu vyako. Sitautumia, Mama. Usikasirike. Ulitusafisha kwa upendo, nalijua hilo vizuri kuliko ninavyojua habari za askari.

Bado hajapona kabisa, na mimi bado sikai mahali pamoja. Ila asubuhi hii amemkojolea Mama Mukubwa, tele kama kabla hajaugua, kwenye kitenge kipya cha msiba wako, na dada yako akabaki amekaa vile vile, ameloa, akisema taratibu, "Maji imerudi. Asante Bikira."

Namsikia anaamka, ananitafuta kwa mdomo. Naenda. Nakuahidi nitamnyonyesha hata siku zile ninazokulilia. Pumzika, Mama. Utukumbuke, yeye na mimi.

Binti yako,
Kavira