Ngozi ya Kiwiko

Koboko, 3 Februari 2025

Kwa mdogo wangu Shafiki,

Asalaam aleikum. Huko Arua mko salama? Mimi mwili mzima, moyo unachemka.

Jana Rejoice, yule unayesoma naye, alipita kwenye meza yangu ya sambusa akitokea Oraba, mpakani. Nilipomtajia jina langu akapiga makofi: "Kumbe Sadiya iko wewe! Seli yako iko nakua sana kwa maabara!"

Seli zangu? Daktari alipokata kovu la mafuta ya moto lililonikunja kiwiko, nilikuomba kitu kimoja: kilichokatwa kizikwe, kama desturi yetu Waislamu. Ukarudi na udongo mikononi, ukasema, "Dada, nimeshazika." Ulizika nini?

Dada yako,
Sadiya

Arua, 9 Februari 2025

Dada Sadiya,

Waaleikum salaam. Mimi mzima.

Nilizika. Nilibakiza kipande kama punje ya dengu, basi. Sikiliza kabla hujanitukana. Seli za ngozi zikikaa juu ya plastiki tupu hujitandaza na kuzaana. Tukizitia ndani ya kolajeni laini, ile protini inayoshikilia ngozi, hazizaani sana tena. Hurefuka, hushika nyuzi zake na kuzivuta. Rojo hilo la kolajeni, lenye upana wa kisahani, hunywea likabaki kama kifungo. Zako zinavuta kuliko za mtu asiyeungua. Ndivyo mkono wako ulivyokunjika! Tukijua kinachozifanya ziachie, wangapi watanyoosha mikono? Nawe unanigombeza kwa punje moja.

Mdogo wako,
Shafiki

Koboko, 12 Februari 2025

Shafiki,

Salamu zako zimefika. Zangu subiri.

Nimeelewa kila neno, na hapo ndipo hasira ilipozidi. Kumbe maneno ulikuwa nayo! Ungenieleza hivi pale kitandani, ningekupa kipande kikubwa kuliko hicho. Uliona muuza sambusa hataelewa. Mimi, niliyekubeba mgongoni mama alipofariki!

Sasa nasema hapana. Zizike zote. Halafu uje hapa, uniangalie usoni.

Sadiya

Arua, 2 Machi 2025

Dada,

Natumai u mzima. Nimemwambia mwalimu wangu ukweli, akanitoa kwenye utafiti. Seli tumeziua kwa dawa, nikazifukia hapa mtaani Mvara, nyuma ya nyumba ninayopanga. Hakuna iliyobaki. Umefurahi?

Kuja siwezi.

Shafiki

Koboko, 20 Juni 2025

Shafiki,

Asalaam aleikum.

Sikufurahi. Nilikwambia uzike, nikakwambia na uje. La kwanza ulilifanya upesi, kwa kiburi. La pili ndilo nililolitaka zaidi, na Koboko si mbali.

Kiwiko kimeanza kujikunja tena. Alhamisi ijayo daktari atanikata tena, huko huko Arua. Hasira yangu bado iko, usidanganyike. Lakini njoo hospitali kabla sijapewa dawa ya usingizi. Kama wewe au mwenzako yeyote mnataka kipande, uniulize kwa mdomo wako, daktari akisikia. Naweza kukataa.

Njoo uniulize.

Dada yako,
Sadiya