Meseji Zilizogoma Kufika Nakwa

Jumatatu jioni

Nimekasirika mpaka chai imenishinda. Jana nilimtumia Mama meseji tano kwamba sitaweza kuja, zote zikagoma. Nikazima simu nikawasha, nikabadilisha laini, nikautukana mtandao wote. Kumbe Mama kachinja jogoo, akaningoja mpaka giza likaingia.

Leo nimeenda kwake Nakwa, nikakishika kile kisimu chake cha kitochi. Kimejaa! Meseji mpya haina pa kuingia.

“Mama, mbona hufuti?”

“Nifute maneno ya mwanangu?”

Nikazifungua moja moja huku nafoka. Zote zangu. “Mama, Jumapili hii nakuja.” “Mama, Jumapili ijayo nakuja kweli.”

Nikamrudishia kitochi chake. Akanipashia firigisi aliyonitunzia tangu jana.

Heri angenitukana.