Mwisho wa Manowari Niliokuficha

Asajile, ndugu yangu,

Ugonile. Najua hutaitikia, ila tangu tukiwa wavulana Bulyaga sijawahi kukusalimu kwa neno jingine.

Mkeo, Mama Tusekile, amehamia Makandana kwa binti yenu. Mjini kila mlango sasa ni duka la mitumba, na foleni za sukari watoto wanazisikia kama hadithi. Kile kiwanda chenu cha chai wamekiezua mabati. Zimebaki kuta, na kibanda chako cha ulinzi.

Alipokuwa akifungasha, nikaiona ile meli ya mti uliyoichonga kwa kusikia hadithi yangu. Akanipa. Ndiyo inayonifanya niandike.

Kiwanda kilipouzwa kwa mwenye mali mpya, mafundi wenzako waliamua kuondoka pamoja wakafungue karakana Mbeya. Wewe ukaja kuniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Nami, unavyonijua, nikaanzia mbali. Nikakueleza habari ya manowari ya tanga ya Wafaransa, ya karne ya kumi na nane, niliyozoea kuwafundisha wanafunzi. Waingereza waliiteka vitani. Hawakuizamisha, nikasema, maana anayeteka chombo kizuri hukitunza. Waliziba matundu yaliyotobolewa na mizinga, wakabadili bendera, na maseremala wao wakaipima ubao kwa ubao ili wajenge nyingine kama hiyo. Ikapigana miaka mingi chini ya mabwana wapya.

Ukacheka. "Mwalimu, bahari umeiona wapi wewe? Hata Ziwa Nyasa umelichungulia dirishani mwa basi!" Kisha ukauliza, "Ikaishaje?"

"Ilizeeka kwa heshima," nikajibu.

Nilikudanganya, Asajile. Ilipochakaa waliing'oa milingoti, wakaifunga kwa minyororo kwenye tope la mtoni, wakaifanya gereza. Na waliofungiwa humo walikuwa mabaharia wa Kifaransa, watu wa nchi ile ile iliyoijenga. Mwishowe ikapasuliwa mbao.

Nilijua yote hayo. Lakini wazee wetu walijenga kijiji na watu wa rika lao, wakala nao chakula kimoja mpaka uzeeni, na katika rika letu tulibaki wawili tu. Ungekwenda Mbeya, ningekula na nani? Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Si elimu. Ni woga wa sahani ya mtu mmoja.

Ukabaki. Mwaka wa pili mashine ulizozitunza kwa mikono yako zikapakiwa kwenye malori, nawe ukapewa rungu na koti, ulinde jengo tupu. Baridi ya usiku pale Suma ikakuingia kifuani, mpaka ikakuondoa. Nilikuletea ndizi na maharage pale kibandani, nawe hukunilaumu hata mara moja. "Angalau tunakula pamoja, Mwalimu," ulisema. Nikainama juu ya sahani. Hata hapo sikukwambia.

Jumamosi wafanyakazi wa kiwanda kingine wameniita niwashauri, nacho kinauzwa. Nitaibeba meli yako. Milingoti yake mitatu uliifunga kwa uzi wa magunia, na hakuna hata mmoja uliolegea. Nitawasimulia mpaka kwenye tope, na mpaka kwenye kibanda chako. Nitawaambia nani alikuweka pale. Kisha nitanyamaza, waamue wenyewe.

Ndaga fijo, asante sana kwa kula nami. Pumzika, mwenzangu. Safari hii nitaifikisha hadithi mwisho.

Mwalimu wako