Gogo lenye rangi nyekundu

Alhamisi, jioni

Rangi ile niliiona leo kwa macho yangu. Nilikuwa nasukuma kuni chini ya sufuria ya maharage, hapa kibandani kwangu mgodini, nikaona gogo moja lina rangi nyekundu kichwani. Anayeipaka ni mume wangu, Baba Neema, kwenye magogo ya kushikilia kuta za duara lao, shimo wanalochimba, zisiwaangukie.

Kumbe mlinzi wa mgodi ameyakatakata na kuniuzia, maana mvua hii imelowesha kuni zote. Wiki nzima namwomba Mungu alishikilie lile shimo, na wiki nzima nachemsha maharage kwa magogo ambayo yangelishikilia.

Baba Neema aliporudi nikamwonyesha kipande kilichobaki.

"Msimamizi kasema kesho tunashuka hivyo hivyo," akasema. "Mungu yupo, Mama Neema."

"Yupo. Ndiye kanionyesha rangi leo, badala ya keshokutwa kwenye matanga yako."

Hakucheka. Akaingia ndani kusali.

Naogopa. Mvua bado inapiga bati, na udongo wa kule unamomonyoka hata ukiukoholea.

Lakini Mungu hajatuacha. Angetuacha, gogo lile lingeanza kuungua upande wa rangi, nisione kitu. Kesho wenzake Baba Neema watapita kwangu kunywa chai kabla ya kushuka, na hakuna atakayepewa kikombe kabla hajakiona kipande hiki.

Yaliyobaki nimemwachia Mungu. Ila mabuti ya Baba Neema nimeyaficha chini ya gunia la mchele.