Mtumbwi Mwekundu wa Mwenye Nyumba

Jumapili, 6 Novemba 1994

Ntare, huna adabu! Nimekuambia kwa mdomo, sasa nakuandika. Kitu kimetundikwa kwenye nyumba ya mtu, unakitungua kwa ruhusa ya nani? Ulimuoa binti yangu, hukuoa nyumba hii.

Ni mtumbwi. Mwekundu, wa plastiki, mwembamba. Una tundu katikati, mtu anaketi humo, miguu mbele. Ntare anauita kayaki. Tuliukuta chini ya paa la baraza, mwezi wa nane, vita vimekwisha, siku tulipoingia hapa Kicukiro tukitoka ukimbizini Bujumbura. Mlango wazi, watu hakuna. Nikasema siku ileile: tutakaa, hatutagusa. Mwenyewe akirudi akute vitu vyake mahali pake. Mugeni, binti yangu, akajibu ndiyo Mama. Mume wake akatazama juu kwenye paa. Nilimwona!

Béatha, jirani, anasema mtumbwi ni wa Jean-Berchmans, mwenye nyumba. Alikuwa akivua nao ziwa Muhazi. Nikauliza, sasa yuko wapi? Béatha akaendelea kuchambua maharagwe. Sikuuliza tena.

Jumanne, 8 Novemba

Tunakula, Ntare anasema, Mukecuru (bibi kizee, ndiyo heshima yake), Jumamosi nakuletea mamba.

Mamba! Mimi nimeuza samaki Bujumbura tangu nikiwa msichana. Mamba wa mto Rusizi nawajua. Pale mto unapoingia ziwani ndipo wanapolala, midomo wazi. Na huyu anawafuata na bakuli la plastiki! Mugeni ana mimba kubwa, nimlee mtoto asiye na baba? Nimesema hutoki. Anacheka.

Kasia nimelichukua. Nimeliweka chini ya godoro langu. Linaniumiza mgongo.

Jumatano, 9 Novemba

Kumbe mamba wa Ntare ni samaki! Yeye kakulia Uganda, na huko mamba ni samaki. Mrefu, mnene, mapezi yake kama kamba za viatu, anapanda juu kuvuta hewa. Kwa Kiswahili wengine wanamwita kamongo. Basi si useme samaki, baba? Mtu mzima ananiacha nalala juu ya kasia usiku kucha! Wamecheka yeye na Mugeni hadi wakakohoa. Mimi sikucheka.

Nilicheka baadaye, jikoni, peke yangu.

Maharagwe ya msaada yametuchosha, na mwenye mimba anataka kitu cha maana. Kasia nimelitoa. Mara moja tu, kisha mtumbwi urudi chini ya paa. Na mimi naenda naye. Simwamini.

Jumamosi, 12 Novemba

Siku ndefu.

Tulikodi kamyoneti, gari dogo la mizigo, mtumbwi tukaufunga juu. Muhazi tulifika asubuhi, mahali kijito kinapoingia ziwani, mafunjo pande zote. Mvua imejaza ziwa. Maji yanakisukuma kijito kirudi nyuma, yanaingia kwenye mafunjo, na samaki anayafuata. Hilo nilimwonyesha Ntare mimi. Yeye alitaka kuvua katikati ya ziwa, mjinga.

Kuingia tu majini, kazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Mzee mmoja wa ufuko ule kasikia lafudhi yake, akampigia kelele: Muganda, umevaa kiatu cha nani? Watu kicheko. Kaanguka mara moja, kapanda tena. Halafu akaingiza ndoana kwenye mdomo wa kijito. Samaki aliposhika, mtumbwi ulivutwa kinyumenyume hadi ndani ya mafunjo! Tukasikia matusi tu, mtu hatumwoni. Katoka na wawili. Mmoja mrefu kama mguu wangu.

Wa pili tukaamua kumuuza soko la Kabuga, njiani, tulipe gari. Sokoni wanawake wakarudi nyuma. Mmoja akauliza: wa ziwa au wa mto? Samaki wa mto hakuna anayemla mwaka huu. Kilichotupwa mitoni wakati wa vita tunakijua wote, sikiandiki. Ntare akasema wa ziwa. Mama yule akasema, wote wanasema wa ziwa.

Nikachukua kisu cha muuza nyama. Nikampasua samaki palepale juu ya gunia, tumbo lote, nikamwaga mbele yao. Konokono. Magamba ya konokono na majani, basi. Nikasema haya, njooni, leteni macho, leteni na pua! Kisha yule mama akachuchumaa, akachokoa kwa kijiti, akatazama sana. Akasema, nikatie mkia. Wengine wakafuata.

Nanawa mikono, naona mwanamke kavaa koti la mwanamume, kasimama kando ya kamyoneti, kiganja chake juu ya mtumbwi. Kamwuliza Ntare, mmeutoa wapi huu? Ntare akasema tumeununua.

Nikasema mwongo huyo! Tumeukuta kwenye nyumba, Kicukiro, chini ya kiwanda cha Sonatubes. Wewe nani?

Anaitwa Kanyange. Mke wa Jean-Berchmans. Yuko hapo Kabuga kwa dada yake. Mume sikumwulizia, koti lake nililiona juu ya mabega ya mke. Akasema, mume wangu hakupenda mtu aushike. Halafu: nyumba ina bati bado? Nikasema ina bati. Mlango? Tumeutengeneza. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Samaki hakuchukua.

Jumapili, 13 Novemba

Ntare kanikasirikia. Kisha akasema, afadhali angenyamaza. Mukecuru, umetutoa nje kwa mdomo wako. Mugeni azalie barabarani? Miaka yote ile ya ukimbizi tulikuwa tunasubiri nini?

Nikamjibu: wewe ndiye uliyefunga mtumbwi wa watu juu ya gari kama bendera.

Lakini neno lake la kuzaa limeniingia. Nyumba nyingine hatuna. Mwezi wa tisa nilikwenda Kinyinya kutazama kiwanja cha baba yangu, tulichokiacha tulipokimbia. Watu walijenga hapo zamani, wana migomba mizuri. Nilisimama barabarani. Hakuna aliyetoka kuniuliza, wewe nani.

Jumatano, 16 Novemba

Mvua. Mtumbwi nimeutundika mwenyewe. Ntare alishika ngazi.

Jumamosi, 19 Novemba

Kanyange kaja.

Kasimama langoni. Nikasema karibu ndani. Akasema leo siwezi Mukecuru, miguu inakataa. Akaketi juu ya jiwe, nje. Mugeni akamletea stuli na chai, akakataa stuli, akapokea chai. Akatazama tumbo la Mugeni. Unazaa lini? Mugeni akasema karibu na Noeli. Akanywa chai yote.

Ntare alitaka kutoa hotuba yake ya miaka ya ukimbizi. Nilimtazama, akaimeza.

Mtumbwi unaonekana vizuri kutoka langoni. Hakuuangalia. Kaangalia dirisha la chumba kikubwa, kile anamolala Mugeni na mume wake. Kisha akasema, polepole, kama anayesoma: sikuja kuwafukuza. Na sikuja kuwaachia. Kesho baada ya misa nitajaribu tena kuingia.

Nimemsindikiza hadi Sonatubes kwenye gari. Ana hatua ndefu, nilichoka.

Jumapili, 20 Novemba

Misa imeisha, watu wanapanda barabara. Ntare anasema tukae vyumba vyote, tuseme hatuna pa kwenda, mwenye mimba haondolewi. Pa kwenda kweli hatuna. Béatha kachungulia juu ya ua: Kanyange anakuja, yuko peke yake, koti lile lile.

Mugeni, acha kulia! Toa vitu vyenu chumba kikubwa, vyote, na godoro. Fagia. Sisi sote tutabanana chumba cha nyuma, na kama atataka na hicho, tutaongea, lakini chumba chake akikute kitupu. Na wewe Ntare, vaa shati, nenda langoni, umshike mkono avuke kizingiti. Ukisema tena tumenunua, utalala ndani ya kayaki. Nenda. Nenda sasa!