Jina Nililoliacha Jandoni

Dada Somoe,

Shikamoo. Habari za hapo Ziwani, na mguu wa Mama unaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku Poland haina adabu, na hamu ya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, inanitesa kuliko hiyo baridi. Nimeona niandike, maana kwenye simu nitashindwa kusema.

Juzi kazini nilipewa kukagua badiliko dogo la mwenzangu, Marek. Programu yetu inaiga mashine za zamani, ili programu za enzi hizo ziendelee kufanya kazi. Ndani yake kila kifaa kinatafutwa kwa jina: diski, kibodi, printa. Marek aliona majina ya zamani yanajaza nafasi bure, akayafuta, yakabaki mapya tu. Mistari michache, safi kabisa. Nikaijaribu kwa programu moja kuukuu. Ikaita diski kwa jina la zamani, haikujibiwa, ikakwama. Na diski ipo palepale!

Nikamwandikia, "Rudisha majina ya zamani. Wapo wasiojua mengine." Akayarudisha bila ubishi. Mimi nikaanza kumuwaza Bibi.

Siku ile ulipompa simu ukamwambia, "Bibi, Hamisi huyu hapa," alisema, "Hamisi wa wapi? Mie simjui." Ukacheka, ukaniambia ni uzee tu. Dada, iliniuma sana. Lakini Hamisi ni jina nililopewa jandoni. Bibi sasa anaishi siku zile alizokuwa ananibeba mgongoni, na huyo Hamisi hakuwapo. Nanyi hamthubutu kulitamka lile la utotoni, maana kwetu kumwita mtu jina aliloliacha jandoni ni kumtukana.

Basi mwenyewe nimeruhusu. Mjomba Bakari, aliyenisimamia jandoni, akinuna, mwambie nimesema mimi. Natamani Bibi aniite hata mara moja, akiwa bado yupo.

Nisalimie Mama, na shemeji pamoja na mashine yake ya kusaga. Mama mdogo wa Ufukoni mwambie vitumbua vyake naviota.

Jumamosi Bibi akishakunywa uji, nitapiga. Msogezee simu sikioni, na Hamisi usimtaje kabisa. Mwambie yule mtoto aliyezaliwa paa linavuja, aliyepewa jina na yeye mwenyewe, anamwita.

Mdogo wako,
Masika